Karatasi Moja ya Taratibu

Saa saba na nusu mchana, watoto ishirini na sita wakiwa wamelala kwenye vigodoro vyao, ndipo sisi walimu wa chekechea tulipokuwa tukianza kuchora.

Kazi hiyo tuliiita kunyoosha. Neno lenyewe halina ubaya. Hata shati hunyooshwa kabla ya kuvaliwa mbele za watu. Mtoto wa miaka minne huchora jua lenye miguu, au paka ambaye masikio yake yameamua kwenda njia tofauti, na mwalimu, kwa huruma tu, huongeza mstari hapa, hupunguza pembe pale kwa mkasi, hupachika macho mahali ambapo macho yalisahauliwa. Jioni mzazi anafika, anashika kiuno, anasema, "Jamani, huyu wangu ndiye kafanya hivi?" Nami nilikuwa nikijibu, "Ndiye," bila kupepesa jicho. Nilijibu hivyo kwa miaka kumi na tisa. Sikuwahi kuuona kuwa ni uongo. Niliona ni kama kumfuta mtoto kamasi kabla hajapigwa picha.

Saa ile ilikuwa na tabia zake. Mapazia yetu yalikuwa ya buluu, na jua la mchana lilipopenya humo, chumba chote kilikuwa kama kimetumbukizwa ndani ya chupa. Feni ilizunguka darini kwa uvivu wa mtu aliyeshiba. Pumzi ishirini na sita zilipanda na kushuka, kila moja na mwendo wake, kisha bila kuagana zikapatana ghafla, na kwa kitambo chumba kizima kikawa kinavuta pumzi moja. Mmoja alicheka usingizini. Mwingine alimwita shangazi yake, akamwambia asogee. Mara nyingi nilihisi macho yangu yakifumba huku mkono ukiendelea kukata, na nilipozinduka nilikuta kipepeo wa karatasi amekamilika mapajani mwangu, nami sikumbuki nilianzia bawa gani.

Ni katika saa hiyohiyo tulipoipanga Wiki ya Watoto Wadogo. Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu ambaye viatu vyake vilitangulia kumtangaza, aliingia akainama katikati yetu. "Mwaka huu," alinong'ona, ingawa mnong'ono wake ungeweza kuamsha mtaa, "nataka mzazi akiingia humu asahau hata alichokifuata." Alisema hivyo akinitazama mimi. Ukuta wa darasa langu ulisifiwa kila mwaka, na mimi nilipenda sifa. Sioni haja ya kulifunikia jambo hilo kawa.

Msaidizi wangu alikuwa msichana aliyetoka chuoni mwaka uleule. Tuliketi kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu, tukaandika mipango yetu kwenye karatasi ya manila.

"Jumatatu iwe Siku ya Sauti," alisema. "Kila mtoto na kopo lake. Ndani tunatia kokoto, mbegu, vifungo."

"Makopo ishirini na sita kwa mpigo? Unataka tufike Jumanne tukiwa viziwi?"

"Basi mengine tunatia pamba, Dada. Wasikilize na kimya kinaliaje."

Wazo lilikuwa zuri kuliko langu, kwa hiyo nililiandika nikiwa nimekunja uso. Jumanne ikawa Siku ya Ladha, watoto wakifumba macho na kulambishwa ndimu, chumvi na asali. Jumatano, Siku ya Kujenga Pamoja: mji wa maboksi wenye barabara, hospitali, na mtaa wa watu wasiotaka kulala mchana. Alhamisi, Siku ya Rangi. Na Ijumaa, Siku ya Familia, ukuta mzima ungekuwa mti mmoja mkubwa, na kwenye kila tawi ua la mtoto mmoja.

"Maua watachora wenyewe?" aliuliza msaidizi.

"Watachora. Halafu tutayanyoosha."

Alizungusha kalamu vidoleni. "Chuoni walitukataza."

"Chuoni hawaji wazazi. Samaki mkunje angali mbichi, mdogo wangu."

"Ndiyo, Dada. Ila sisi samaki hatumkunji. Tunamtoa, tunaweka wetu."

Nilicheka, kwa kuwa alilisema vizuri, nikaendelea kupanga maua.

Kati ya wale ishirini na sita alikuwemo mmoja tuliyemwita Taratibu. Jina alipewa na wenzake, nalo lilimkaa. Mwenda pole hajikwai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kumsubiri mtoto huyu afunge kiatu. Wenzake walipokuwa wameshanawa, yeye alikuwa kwenye tonge la pili. Ungemuuliza swali asubuhi, naye angelijibu wakati wa kwenda nyumbani, na jibu lingekuwa sahihi kabisa, ila mwenye swali alikuwa ameshasahau. Mimi nilikuwa na mazoea ya kummalizia sentensi zake. Nilifanya hivyo kwa upendo na kwa haraka, na kwa kweli haraka ndiyo iliyozidi.

Lakini siku tulipowatangazia watoto kwamba familia zitakuja, Taratibu hakuchelewa hata kidogo. Alinivuta sketi.

"Mwalimu, baba anakuja Ijumaa."

"Vizuri sana, mama."

Kesho yake akanivuta tena. "Mwalimu, baba anakuja Ijumaa." Na kesho kutwa yake. Baba huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma vya madaraja, na daraja alilokuwa akilijenga lilikuwa mbali kiasi kwamba hakuwa ametia mguu nyumbani kwa miezi minane. Mama yake, muuguzi, alinieleza yote mlangoni, sare yake ikiwa tayari mkononi.

"Amepata siku mbili tu, Mwalimu. Anafika Alhamisi jioni, Jumamosi alfajiri anaondoka. Mimi Ijumaa niko zamu, kwa hiyo watakuwa wawili tu. Na huyu mtoto kuna kitu anataka kumwonyesha baba yake. Nimembembeleza aniambie, kakataa katakata."

"Niachie mimi," nilimwambia.

Wiki ikaanza, ikapita kama zinavyopita wiki za namna ile, mtu huna hakika kama uliziishi au ulisimuliwa. Jumatatu makopo yalilia hadi ndege wakahama uwanjani, kisha yakaja yale ya pamba, na watoto wakayaweka masikioni wakiwa wametulia tuli. Mmoja akasema anasikia bibi yake akisali. Jumanne walilamba ndimu wakashtuka kama waliopigwa na umeme, halafu wakaomba tena. Jumatano mji ulisimama, ukaanguka, ukajengwa upya na wananchi walewale bila kulaumiana. Nilitembea katikati yao nikiona kila kitu kwa mbali kidogo, moyo mwepesi, kichwani nikipanga tu ukuta wangu wa Ijumaa.

Alhamisi kila mtoto alipewa karatasi moja ngumu. Zilikuwa ishirini na sita kamili, hapakuwa na ya akiba. Niliwaambia wachore ua. Kila mmoja akachora alichotaka.

Nilipita kwenye meza ya Taratibu mara tatu. Mara ya kwanza karatasi yake ilikuwa ya manjano, na juu ya manjano kulikuwa na vitone. Mara ya pili ilikuwa nyekundu. Mara ya tatu alikuwa amefunika kila kitu kwa rangi ya udongo iliyokolea hadi ikakaribia weusi, naye bado alikuwa akipaka, ncha ya ulimi ikiwa nje, pole pole, kama anayemfunika mgonjwa shuka.

"Muulize ni nini," alininong'oneza msaidizi.

"Nitamuuliza akimaliza."

Akamaliza wakati chakula kikipakuliwa, nami nilikuwa na sahani mikononi. Sikumuuliza.

Saa saba na nusu mapazia yakafungwa. Chupa ya buluu ikatumeza. Msaidizi alikwenda kuosha brashi, nami nikabaki na mkasi, gundi na ukuta. Matawi yalikuwa tayari. Majani yalikuwa tayari. Maua niliyapata kwa kukata huku na kuongeza kule: jua lenye miguu likawa alizeti, gari la mtoto mmoja likawa waridi. Ndipo nilipogundua kwamba hapakuwa na shina. Wiki mbili tulikuwa tumeupanga mti ule, na hakuna aliyekumbuka kwamba mti lazima usimame juu ya kitu.

Nilitazama kamba tuliyoanikia kazi. Karatasi ya Taratibu ilikuwa imening'inia pale, nzito, nyeusi, rangi imekauka ikakunjamana kama gome. Ilikuwa kama imeletwa na malaika wa walimu. Niliichukua nikaikata vipande vinne virefu, nikavibandika ukutani kimoja juu ya kingine, na mti ukasimama. Kisha, kwa kuwa haifai mtoto akose ua, nilitengeneza moja jekundu kwa mabaki ya karatasi za wenzake, zuri kuliko yote, nikaandika jina lake chini kwa mwandiko wangu wa duara.

Niligeuka. Taratibu alikuwa macho. Hata usingizi alikuwa akichelewa kuupata. Alilala kwa ubavu, shavu juu ya kiganja, akiutazama mkasi.

Niliweka kidole mdomoni, kama tunavyowafanyia mara mia kwa siku. Akanitazama kitambo. Kisha akafumba macho kwa utiifu, na mimi nikajiambia kwamba akiamka atadhani ameota.

Ijumaa darasa lilijaa. Kina baba waliketi kwenye viti vidogo kwa tahadhari, kina bibi walikataa katakata kuketi humo. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni aking'aa, maana kila aliyeingia alifika mbele ya ukuta akasema "Lo!" Mti wangu ulifika darini. Sitadanganya, nilijisikia kama aliyeupanda kwa mbegu.

Fundi wa madaraja alikuja kati ya wa mwisho. Shati lake lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya pakiti, na mikono yake ilikuwa na madoa madogo ya moto hadi kwenye viwiko. Walishikana mikono, yeye na binti yake, kwa adabu ya watu waliojuana juzi. Alikuwa akimtazama kwa kuibia, akimpima urefu. Nilimwonea huruma. Miezi minane kwa mtoto wa miaka minne ni nusu ya yote anayoyakumbuka.

"Haya, nionyeshe kazi yako," alimwambia.

Nilikimbilia kumsaidia, kwa vile najua jinsi anavyochukua muda. "Ni lile jekundu pale, Baba. Lile kubwa."

"Aisee! Hongera, mwanangu. Umelichora wewe?"

Taratibu aliliangalia ua. Akaliangalia muda mrefu, mpaka baba mtu akaanza kuhamisha uzito mguu hadi mguu.

"Silo langu," alisema.

"Siyo lako vipi? Jina lako si hilo hapo?"

"Silo langu."

"Lako lipi basi?"

Hapo aligeuka akanitazama mimi. Alikuwa amekaza midomo, na macho yalikuwa yamejaa. Alijua ni lipi na liko wapi, maana lilikuwa hatua mbili tu kutoka pua yake. Alichokuwa akingojea ni ruhusa. Nilikuwa nimemwomba anyamaze, naye alikuwa amenyamaza tangu jana mchana, nyumbani, kitandani, njiani, amemficha hata baba yake wa siku mbili, kwa sababu mwalimu aliweka kidole mdomoni.

Baba mtu aliinama. Wazazi wawili waligeuka kusikiliza, naye akaona haya. "Mwanangu," alisema kwa upole ulioanza kukauka, "baba hajaja kutoka mbali kote huko kusikiliza uongo. Njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu amekusaidia, amekupa sifa, wewe unakana mbele za watu. Mwombe radhi."

Ningeweza kusema "Ah, mwache, ni mtoto," na mambo yangekwisha. Maneno hayo nilikuwa nayo ulimini. Taratibu alifungua mdomo, tayari kuniomba mimi radhi, na kwa mara ya kwanza sikuthubutu kummalizia sentensi.

"Hasemi uongo," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, ya mtu mwingine. "Ua hilo nimelichora mimi. Picha yake ndiyo hiyo hapo chini, shina la mti. Niliikata jana akiwa kwenye kigodoro chake. Aliniona, nikamwashiria anyamaze."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuangalia ukuta, kisha akaniangalia mimi. "Na hili alizeti la wangu?"

"Lilikuwa jua. Lilikuwa na miguu. Niliikata."

"Na waridi?"

"Gari."

"Ndiyo maana," alisema babu mmoja kutoka nyuma. "Nilishangaa. Ukoo wetu mzima hakuna anayejua kuchora." Watu wakacheka, wengine si kwa furaha. Mwalimu mkuu hakucheka. Alinitazama kwa macho ambayo nilijua yatazungumza Jumatatu, ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Nilipanda juu ya kiti cha mtoto nikaanza kubandua shina. Gundi yetu ni ya maji lakini hushika, na kila kipande nilichovuta kilikuja na tawi, na tawi likaja na maua yake, mpaka nusu ya mti ikawa mabegani mwangu na nusu sakafuni. Rangi nene ya Taratibu ilikuwa imepasuka nilipopitisha mkasi. Kwenye kingo za vipande, chini ya ule weusi, ilionekana mistari myembamba: nyekundu, chini yake kijani, chini yake buluu, na chini kabisa manjano. Nilivipanga vyote vinne sakafuni, ubavu kwa ubavu. Havikukutana sawasawa. Nilikuwa nimepunguza kingo ili shina linyooke.

"Nisamehe," nilimwambia Taratibu. Sikumwambia kwa sauti ile tunayowaambia watoto. Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akaendelea kufikiri kama amenisamehe au la, na hilo nalo nilijua lingechukua muda wake.

Baba yake alichuchumaa. Shingo ilikuwa imemwinama. "Mimi ndiye nimesema uongo, mama," alisema. "Nimesema wewe mwongo na hukuwa mwongo." Akagusa karatasi kwa kidole chenye kovu. "Nionyeshe basi. Huu weusi ni nini?"

Feni ikazunguka. Nilihisi jibu likinipanda kooni, lolote tu, la kumsaidia, nikalimeza.

"Huu si weusi," alisema hatimaye. "Hii ni mvua iliingia ndani tukapandisha godoro juu ya meza. Nyekundu iko chini yake. Ni jino. Lilitoka damu." Akapumua. "Na kijani ni siku mama alilia halafu akacheka. Na nyingine. Na nyingine. Mwalimu alitoa karatasi moja tu, nikaziweka zote."

"Zote zipi?"

"Zile hukuziona."

"Si ungenieleza kwenye simu, mwanangu?"

"Huwa nikianza unasema, haya basi, kesho. Halafu unakata."

Hakumlaumu. Alisema tu lilivyokuwa, kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Fundi wa madaraja alipitisha kiganja usoni kutoka juu hadi chini. Aliangalia vipande vile vinne, akavizungushia macho kona hadi kona, akitafuta kitu. Nadhani kila mtu pale alijua anachokitafuta.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi niko wapi humu?"

Taratibu naye akaangalia, kwa uaminifu, kila kipande, kusudi asije akakosea.

"Wewe humo," alisema. "Hukuwepo."

Baba yake alivua viatu, akaviweka kando, akalala kifudifudi sakafuni na shati lake jipya, katikati ya majani na maua yangu ya uongo, kidevu juu ya mikono, uso wake ukawa sawa na wa binti yake.

"Anza na ya chini kabisa," alisema.

"Ni ndefu."

"Leo sikati."

Taratibu alijilaza kando yake, bega kwa bega. Akasogeza kipande cha kwanza kidogo kushoto. Akakirudisha. Magoti yangu si ya kazi hiyo tena, lakini niliteremka nami, nikaketi chini nikiwa nimeegemea ukuta uliobaki mtupu, majani yakiwa yamening'inia nyweleni. Mwanga wa mapazia ulikuwa umetufunika sote. Alianza na paka wa jirani, ambaye alikuwa na tumbo kubwa, na ambaye kila siku alikuja kukaa kwenye kiti cha baba kwa sababu hakikuwa na mtu.

Mwalimu mkuu alipiga kengele ya kufunga sherehe. Wazazi walikusanya mikoba, wakawatafuta watoto wao, wakatupita kwa ncha za vidole. Msaidizi alizima feni. Huku sakafuni, paka alikuwa bado hajazaa.